Kulungu Niliyepewa na Nyanya

Jumamosi iliyopita nilipiga kura peke yangu. Tulikuwa kumi na mmoja sebuleni kwa mwenzetu mmoja huko Katy, wanachama wa kikundi cha uwindaji kinachokodi ranchi magharibi mwa Houston, na mshauri tuliyemwalika alikuwa ameweka picha kwenye televisheni kubwa kuliko kitanda changu. Ilikuwa picha ya kulungu dume wa mwaka mmoja na nusu, mwenye pembe mbili nyembamba zilizonyooka bila tawi hata moja. Dume wa namna hiyo watu wa Texas humwita spaiki. Mshauri akatueleza kwamba spaiki akiachwa atazaa spaiki wenzake, na kwamba wawindaji wenye akili huwapunguza mapema ili kundi libaki na madume yenye pembe za kujivunia. Akauliza nani anaunga mkono wapigwe wote msimu huu. Ikainuka mikono kumi. Akauliza nani anapinga. Ukainuka mmoja, huu ninaoandikia.

"Sista, uko na data ama ni huruma tu?" akaniuliza mmoja wao, injinia, mtu mzuri tu siku nyingine.

Nikamwambia data sina. Wakacheka, chai ikamiminwa, mazungumzo yakageukia mpira. Wao waliyamaliza, lakini mimi bado yananikaa kooni, na kwa kuwa wewe rafiki yangu huna haraka, keti nikueleze.

Nilikuwa na miaka tisa na tuliishi Pearland. Mama alikuwa muuguzi, siku zote ama anaingia zamu ama anatoka zamu. Baba alishinda ofisini mbele ya kompyuta, na kila Novemba alikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Yeye na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mtanzania wa Singida, pamoja na wenzao wachache, walikuwa wamekodi haki ya kuwinda katika ranchi moja, mwendo wa saa nne kwa gari. Huko kulikuwa na trela kuukuu lililonuka gesi na vitunguu, meza ya mbao chini ya mwaloni, na baridi ya asubuhi iliyofanya nyasi zilie chini ya viatu. Kazi yangu ilikuwa kukung'uta buti za wakubwa kabla hawajazivaa, maana nge walizipenda, na kusaidia kujaza mahindi kwenye mashine. Mashine ile ilikuwa pipa lenye miguu mitatu. Alfajiri na jioni ilijiwasha yenyewe, ikamwaga mahindi chini kwa kishindo, na kulungu wakatoka vichakani wakijua chakula kimeiva.

Mwaka ninaokusimulia, Nyanya, mama yake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kwa miezi sita kutoka Kitui. Alikuwa mwembamba, na alitembea kama mtu aliyeachwa na basi. Mbuzi alikuwa amefuga tangu aweze kushika fimbo. Sikukuu ya Shukrani ilipofika, akina mama walidhani atabaki nao Pearland kukatakata mboga. Akawaambia mboga amekata maisha yake yote, anataka kuona hao mbuzi wa Wamarekani.

Siku ya kwanza tu alizua kasheshe. Alifungua gunia la mahindi ya kulungu, akaona punje nzuri, kubwa, za manjano, akashtuka kwamba zinamwagiwa wanyama wa porini. Akachota sufuria nzima, akachanganya na maharagwe, akabandika isyo, pure ya Kikamba. Baba alirudi akakuta harufu ya kwetu imejaa kwenye trela na furaha ikampanda, mpaka alipouliza mahindi yametoka wapi. Gunia lilikuwa limeandikwa kwamba ni chakula cha mifugo, binadamu asile. Baba akaibeba sufuria yote mpaka nje. Nyanya akabaki kwenye ngazi ya trela na mwiko mkononi, akiuliza ni mahindi gani hayo ambayo mnyama wa porini anayaweza na yeye hayawezi. Tulilala tumekula mkate na mayai.

Asubuhi yake tuliingia watatu kwenye kibanda cha kuvizia: Baba na bunduki yake, Nyanya na shuka yake, na mimi katikati. Mashine ikamwaga mahindi. Wakatoka majike matatu, wakala. Kisha akatoka yeye. Alikuwa na sikio la kushoto lililochanika, pengine kwenye waya, na pembe mbili kama njiti za kufumia sweta. Baba akapumua taratibu, akainua bunduki. Mkataba wa ranchi ulisema wazi: kila spaiki anayeonekana apigwe. Mwenye ranchi alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu na mpole, na msemo wake tuliujua wote kwa moyo. Spaiki ni spaiki mpaka kufa, ndivyo alivyokuwa akisema.

"Huyo amekosa nini?" Nyanya akanong'ona.

"Mum, hii ni management," Baba akamjibu, jicho moja likiwa kwenye darubini ya bunduki. "Tuki-cull hawa wadogo, herd ina-improve."

"Ana umri gani?"

"Mwaka na nusu."

"Mwaka jana mvua ilikuwa hapa?"

Baba akazidi kulenga. Mwaka uliopita ulikuwa wa kiangazi kikavu, hata mimi nilikumbuka, kwa sababu kidimbwi nilichokuwa nikirushia mawe kilikuwa kimebaki tope.

"Mama yake alimnyonyesha nini basi? Alizaliwa mapema ama alizaliwa nyuma ya wenzake?"

"Mum, sijui."

"Hujui," Nyanya akasema. Mimi nikamvuta shuka nikamwambia, "Nyanya, he's so small," kwa maana wakati huo Kiswahili nilikielewa chote lakini mdomo wangu ulikuwa umeshahamia Amerika. Sidhani alihitaji tafsiri. Akaweka mkono juu ya kichwa changu na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, si ya kunong'ona tena, "Huyo nimempa mjukuu wangu."

Kulungu wakasikia, wakatimua mbio. Lakini hata wangebaki pale Baba asingefyatua. Alikuwa ameshateremsha bunduki, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungiwa mlango akiwa ndani.

Lazima nikueleze kwa nini. Kwao Kitui, mtoto hupewa mnyama wake angali mdogo. Haandikiwi popote. Mkubwa anasema tu mbele ya watu kwamba yule pale ni wa fulani, na tangu hapo mnyama yule hachinjwi wala haondoki bomani bila mtoto kuulizwa. Hata baba mzazi huuliza. Baba mwenyewe alipewa mbuzi akiwa na miaka sita, na wageni walipofika ghafla, babu alichuchumaa mbele yake kumwomba. Baba alikubali, akalia, akapewa maini ya kwanza. Hadithi hiyo tulikuwa tumeisikia kila alipokula maini, na aliisimulia akiwa amejaa fahari. Sasa mama yake alikuwa amemgawa kulungu wa porini katika nchi ya watu, mnyama asiye wake wala wetu, na sheria aliyotumia ni ileile ambayo Baba alikuwa akijisifu nayo.

Kwenye kifungua kinywa Nyanya alirudia tangazo lake mbele ya wanaume wote, ili mashahidi watoshe. Wengine waliguna na kucheka. Jirani yetu alicheka nao, kisha akaweka kikombe chini.

"Shikamoo tena, mama yangu. Umesema hivyo mbele ya watu?"

"Marahaba. Nimesema."

"Basi hilo limekwisha," jirani akawaambia wenzake. "Kwetu Singida nako ni vivyo hivyo. Mimi simgusi."

"Na contract je?" mmoja akauliza. "Mzee akitufukuza hapa?"

Hapo ndipo kicheko kilipokoma. Ranchi ile ndiyo ilikuwa pumzi yao. Mwaka mzima waliitwa majina yao kwa matamshi mabaya, wakakaa kwenye foleni za barabara kuu asubuhi na jioni, wakafunga tai. Pale tu ndipo walipotembea na soksi zimetokeza na kucheka kwa sauti zao za ujanani. Na mimi nilikuwa nimewawekea hayo yote rehani kwa kuvuta shuka. Nilijisikia vibaya, sikudanganyi. Lakini pia nilikuwa na kulungu wangu, na nilikuwa nimeshampa jina. Nilimwita Njiti.

Mchana mwenye ranchi alikuja na gari lake la mizigo. Kamera iliyofungwa mtini ilikuwa imempiga Njiti picha chini ya kibanda chetu asubuhi ile, akila kwa raha zake, na mzee alitaka kujua kwa nini hakusikia mlio. Baba akaeleza huku akijikuna shingo. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha naye akaeleza yake. Babu yake na baba yake waliishi kwenye ardhi ile. Nyasi hazitoshi kila mdomo. Ukilisha dume lisilo na kitu kichwani, unalinyima chakula lenye nacho. Sikumwona kama mtu mbaya wakati ule na simwoni hivyo leo, maana aliipenda ardhi yake.

Nyanya akamgeukia Baba. "Muulize, hizo pembe huwa zinakaa mpaka lini?"

Mzee akasema huanguka kila mwaka, mwezi wa Februari hivi, kisha huota nyingine.

Nyanya alimtazama yule mzee, akamtazama Baba, akauliza kama ametafsiriwa vizuri. Mbuzi zake pembe zilikuwa za maisha. Alipohakikishiwa kwamba ndivyo, akasimama. "Mwambie hivi. Yaani mnamuua mtoto kwa sababu ya kitu atakachokitupa mwenyewe Februari?"

Baba akatafsiri kwa maneno laini, kitu kama mama anashangaa kidogo. Nyanya Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha kujua anapoibiwa. "Usinipunguzie," akamwambia. "Sema kama nilivyosema." Baba, mwanamume wa miaka arobaini na zaidi, meneja kazini kwake, akasema upya, neno kwa neno, masikio yake yakiwa yamewaka.

Halafu Nyanya akaongeza jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa kwenye televisheni ya mshauri. Alisema kuhusu nyasi mzee ana haki kabisa. Yeye pia kiangazi kikiuma hupunguza. Ila huanza na majike makongwe, waliokwisha kula sehemu yao na kuzaa sehemu yao, na mtoto wa kiangazi humpa mvua moja kamili kabla ya kumtazama mara ya pili. "Mtoto aliyezaliwa kwa njaa, unaona njaa tu," alisema. "Yeye mwenyewe bado hujamwona."

Mwenye ranchi alivua kofia, akajipangusa paji la uso, akairudisha. Akasema atatoa mwaka mmoja. Msimu ujao yule mnyama akirudi bado ni spaiki, atapigwa, na asipopigwa mkataba umekwisha. Nyanya akasema yeye wakati huo hatakuwepo, ila mwenye mnyama atakuwepo, na akanisukuma mbele. Yule mzee akainama, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu na wenye nyufa, na nilimkazia wangu kadiri nilivyoweza.

Miezi kumi na miwili iliyofuata ilikuwa mirefu kuliko yote niliyopata kuishi. Nyanya alirudi Kitui. Mimi darasani Pearland nilichora kulungu pembeni mwa kila karatasi ya hesabu, mpaka mwalimu akamwita Mama. Mvua ilipopiga madirishani mimi nilifurahi peke yangu, nikiomba iwe inapiga na kule. Wengine walilalamika mafuriko, mimi nilikuwa nawaza majani.

Novemba ikafika. Siku ya tatu kibandani, Njiti akatoka na sikio lake lililochanika. Upande mmoja pembe ilikuwa na matawi matatu, upande wa pili mawili, tena kombo. Kulungu mbaya namna ile sijawahi kumwona, na nilimpenda hivyo hivyo. Spaiki hakuwa tena. Mwenye ranchi alitazama picha, akakoroma puani, akapita zake. Nilipompigia simu Nyanya nikimsimulia pembe, alinikatiza. Aliuliza kama anakula na kama anatembea vizuri. Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri, akataka kujua habari za shule.

Najua unachosubiri, rafiki yangu. Unasubiri nikuambie kwamba Njiti alikua akawa mfalme wa ranchi, pembe kama mti, watu wakaona haya. Hakuwa. Alifikisha matawi manane, mafupi na membamba, na hapo akakoma. Miaka yote alikuwa nyuma ya madume wa rika lake, na mwenye ranchi hakuacha kunikumbusha kwamba mnyama wangu anamlia nyasi bure. Kwa hiyo ningemtaja Njiti kule Katy, wale kumi wangeshangilia, angekuwa ushahidi wao. Nimesikia wapo wataalamu wanaosema spaiki wengi huwafikia wenzao, na wapo wanaosema hawafiki, na wote wana vitabu. Mimi sibishani nao. Njiti hakufika. Na bado nasema ilikuwa sawa aachwe, na nitasema hivyo mbele ya televisheni yoyote.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne Nyanya alifariki. Ilikuwa Novemba, msimu umefunguliwa. Baba na Mama waliruka kwenda kuzika, mimi nikabaki kwa jirani kwa sababu karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado hazijakamilika, na nikitoka nisingeweza kurudi. Sikumzika Nyanya. Nalisema hivyo tu kwa sababu hakuna namna nyingine ya kulisema. Jumamosi yake watu wetu walikusanyika pale kwa jirani kutufanyia maombolezo, Wakenya na Watanzania, Wakristo na Waislamu, viti vimejaa hadi gereji. Jirani mwenyewe alikuwa ameondoka Ijumaa kwenda ranchi kutafuta nyama ya msiba.

Nilikuwa jikoni namenya vitunguu na mke wake, nikishukuru vitunguu kwa kunifichia macho, simu ya ukutani ikalia. Alikuwa jirani, ananong'ona kutoka kibandani.

"Mjukuu, pole na msiba. Sikiliza. Yule wako yuko hapa mbele yangu, mita mia hazifiki. Sikio ni lile lile. Bibi yako kakupa mbele yangu, na huko msibani watu hawana nyama. Unasemaje?"

Nilijua jibu lililotakiwa. Kwetu ni heshima kubwa mjukuu kumtoa mnyama wake kwa ajili ya aliyempa. Mke wa jirani, aliyekuwa amesogeza sikio, alinitikisia kichwa cha ndiyo, tena kwa upole. Jikoni wote walikuwa wameacha kukata. Nikawaza Kitui, kaburi nisiloliona, na nikajikuta nimekasirika, nimekasirikia kifo, karatasi, nyama, kila mtu mwenye sababu nzuri.

"Hapana," nikasema.

"Hapana?"

"Nyanya hakunipa nyama. Asipigwe."

Nilisikia kwenye simu chuma kikitelezeshwa, risasi ikitolewa kwenye bunduki. "Nimekusikia, mwenye mali," akasema, na simu ikakatika. Siku ile hakupata kitu kingine. Msiba ulilishwa wali na maharagwe, na wapo walionung'unika wakiniangalia kwamba ni msiba gani huu. Niliwaacha wanung'unike, nikaenda na sinia kuongeza wengine wali.

Baada ya msimu ule Njiti hakuonekana tena. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemwokota, kamera zilimkosa tu. Mwenye ranchi naye aliondoka duniani, watoto wake wakauza, na sasa njia tuliyokuwa tukiingilia imezibwa kwa geti la umeme. Trela sijui lilikwenda wapi. Jirani amestaafu, amerudi Singida, na Baba hapandi tena kibandani kwa sababu ya magoti.

Wale wenzangu kumi wanaweza kuniita mwenye huruma, nimeitwa mabaya zaidi. Mwakani wakiuliza tena nitainua mkono tena. Leo nina shahada mbili, nina watu wanaofanya kazi chini yangu, nina kura katika vikao visivyohesabika, na kila mara napewa dakika mbili huku jambo limeshaamuliwa. Mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na minne na mikono inanuka vitunguu, mtu mzima alikaa kwenye baridi na kidole pembeni mwa chuma, mwenye haki zote za kufyatua, akaningoja niseme.